Damu ya Zizi Moja

Shangazi alijua kabla yangu. Binti yangu alikuwa na miezi mitatu, nimemlaza kwenye mkeka mlangoni, jua la asubuhi likimpiga miguuni. Shangazi alitoka jikoni ameshika sufuria na mwiko, akasimama nyuma ya kichwa cha mtoto, akaigonga ile sufuria mara moja, kwa nguvu. Kuku walitawanyika. Mimi nilimwaga uji. Mtoto aliendelea kutazama vidole vyake. Shangazi akarudi jikoni, akainjika sufuria, akapika maharage kama siku zote. Nilidhani alikuwa anafukuza kuku.

Ilinichukua karibu mwaka mzima kugundua kile alichokijua yeye kwa pigo moja la mwiko, na miaka mingine kujua amekijuaje. Nayaandika haya kwa hasira, wala sifichi. Huyu mama alinilea, akanilisha, akanioza kwa mwanawe, akanibebea watoto. Lakini kulikuwa na sentensi moja niliyoihitaji kutoka kinywani mwake, fupi, hata haijazi kiganja, naye akaninyima.

Baba yangu alikuwa mwalimu Uvira, Kongo. Dada yake, ndiye huyo shangazi, alibaki milimani na ng'ombe. Vita ilipotufikia mwaka wa tisini na sita nilikuwa na miaka minne. Baba alituvusha mimi na mama hadi Burundi, na huko mama akafa. Nilipofikisha miaka saba, baba alisikia kwa watu wa kanisa kwamba dada yake yuko hai, Uganda, mahali panaitwa Nakivale. Akanikabidhi kwa familia ya waumini waliokuwa wanakwenda huko. Alisema atanifuata. Alinifuata baada ya miaka kumi na mitano.

Shangazi alinipokea vizuri, nisimnyime haki yake. Alikuwa mjane, na mtoto wake mmoja wa kiume tulilingana umri. Kutoka kijijini kwake hakuna mwingine aliyefika Nakivale. Wengine walienda Tanzania, wengine Burundi, wengine hawakwenda popote. Kwa hiyo alichosema kuhusu nyumbani ndicho kilichokuwa nyumbani. Hatukuwa na wa kumuuliza mara ya pili.

Kwetu milimani, mtoto wa shangazi akimwoa mtoto wa mjomba, watu hupiga vigelegele. Si aibu, ni sifa. Nakivale desturi hiyo ilipata nguvu zaidi, kwa sababu mahari ni ng'ombe, na ng'ombe tuliwaacha. Kiwanja tulichopewa kilitosha mahindi na maharage. Zizi ungeliweka wapi? Vijana wengi walikaa bila kuoa wakisubiri ng'ombe wa ndotoni. Shangazi akapata ufumbuzi. Alisimama mbele ya kanisa akasema ng'ombe wa mahari wangetoka kwake waende kwa kaka yake, na yeye na kaka yake ni zizi moja, basi tuhesabu wameshatoka na wameshafika. Kanisa likacheka, mchungaji akasema amina. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilimpenda mume wangu, sikatai. Alikuwa mpole, na tulikuwa tumekula sahani moja tangu utotoni. Hilo lingetosha kunionya, lakini nani angenionya na wote walikuwa wanakula pilau?

Binti yetu alipokaribia mwaka, nilianza kuona. Nilimwita hageuki. Mvua ya mawe ilipiga mabati, watoto wote wa jirani wakalia, yeye akalala. Nilipolisema kwa sauti, mume wangu aliinama kama mtu aliyepigwa. Shangazi hakushtuka. Siku ileile akaanza kuzungumza na mtoto kwa mikono.

Hapo ndipo nilipaswa kufikiri. Mikono yake haikubahatisha. Ngumi kwenye kipaji, kidole gumba na kidole cha mwisho vimechomoza: ng'ombe. Vidole vinateremka mbele ya uso: mvua. Kugonga kiwiko mara mbili na kugusa kidevu: maziwa. Nilijiuliza kiwiko na maziwa vinahusiana nini, nikaona ni vituko vya bibi na mjukuu wake. Majirani walimsifu. Walisema Mungu amempa kipawa uzeeni. Nami nilisifu pamoja nao, mjinga mimi.

Kulikuwa na mchezo mwingine, huu ulinikera. Mtoto alipoanza kutembea, shangazi alimfundisha kwamba kila baada ya hatua tano ageuke nyuma atazame. Akigeuka, anapewa karanga. Asipogeuka, shangazi anamfuata, anamshika bega, anamgeuza mwenyewe. Hatua tano, geuka. Hatua tano, geuka. Kwenda kisimani, kwenda shambani, kwenda kanisani. Nilimwambia, "Shangazi, huyu atakuwa na shingo ya kuku." Aliendelea kumenya karanga.

Hiyo ilikuwa mikono yake. Kinywa chake kilikuwa na habari nyingine.

"Kwetu hakuna bubu," aliwaambia akina mama wa maombi, mimi nikiwa palepale. "Hata moya. Hii kitu njo ilitoka kwa mama ya huyu. Balikuwa batu ba ku ziwa, bale. Hatukuwajua muzuri."

Mama yangu alikuwa mtu wa ziwani kweli, wa kando ya Tanganyika, na baba alimwoa bila kuuliza wazee. Sasa amelala Burundi, kaburi lisilo na jina, na hawezi kujitetea. Akina mama wa maombi walinizunguka siku tatu wakinitaka nitubu. Nilitubu. Nilitafuta dhambi kila pembe, nikakiri hata zile ambazo sikuwahi kupata nafasi ya kuzitenda. Mtoto hakusikia hata amina moja.

Binti alipokuwa anakaribia miaka miwili tulipelekwa Mbarara kwa daktari wa masikio. Tulikwenda wanne: mimi, mume wangu, mtoto na shangazi, aliyekataa kubaki. Daktari alikuwa mzee wa Kinyankore, mrefu, mwenye subira. Alimpima mtoto kwa kengele, kwa ngoma ndogo, kisha kwa mashine. Akatuambia masikio yote mawili hayasikii. Halafu akachukua kalamu akatuchorea konokono.

"Ndani ya sikio iko kitu kama hii," alisema. "Imejikunja. Ndani yake iko nywele kidogo sana, haionekani na macho. Sauti ikiingia, nywele zinatingishika, habari inaenda kwa kichwa. Ile konokono inajengwa kwa tumbo ya mama, mapema sana. Anayejenga anafuata maneno ya baba na maneno ya mama. Neno ikiwa mbaya kwa baba, lakini kwa mama ni nzuri, anafuata ya mama. Hakuna shida. Lakini ikiwa mbaya pande zote mbili, atafuata gani?"

Akaniangalia mimi, akamwangalia mume wangu. "Wewe na bwana yako ni familia moja?"

"Ni mtoto wa shangazi yangu," nikasema. "Huyu hapa."

Alimgeukia shangazi. "Mama, kwenu mulikuwa na ng'ombe?"

"Mingi," alisema shangazi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulifunguka.

"Dume mulikuwa mnatoa wapi?"

"Kwa jirani. Tulikuwa tunaazimana. Dume ya zizi yako haiwezi kupanda mitamba yake, ndama zitakuwa zaifu. Hata mutoto mudogo anajua ile."

Daktari akaweka kalamu chini. "Na watu?"

"Batu si ng'ombe, munganga."

Daktari alivuta kiti karibu. Yeye pia alikuwa mtoto wa wafugaji, ilionekana. Alimwambia shangazi kwa upole kwamba ng'ombe wawili weusi wanaweza kuzaa ndama mwekundu, na shangazi akaitikia kwa kichwa, amewaona wengi. Ule wekundu, daktari akasema, ulikuwa umejificha kwa baba na kwa mama. Wenyewe ni weusi, hawaumwi, hawajui. "Lakini kitu ya kujificha, siku moja ilionekana mahali. Kwa babu, kwa mjomba, kwa nani. Sasa niambie, mama. Kwa familia yenu, mtu alizaliwa bila kusikia, iko?"

"Hakuna."

"Hata zamani?"

"Hata moya." Alikuwa na Biblia ndani ya mfuko wake, na mkono wake ulikuwa juu ya mfuko.

Daktari alihema. Alisema vipimo vya damu vya jambo hili hapa havipo. Kama kweli hakuna mtu, basi hana hakika. Pengine ni mbegu iliyojificha miaka mingi, pengine ni homa, au dawa, au sindano. Alitaka turudi tukikumbuka lolote. Mimi sikusikia tena baada ya neno dawa. Mfa maji haachi kutapatapa. Nilikumbuka kwamba nikiwa na mimba ya miezi mitano nilipata malaria nikapewa kwinini. Basi, nikaamua, ni kwinini. Si mama yangu, si dhambi yangu. Ni dawa, na dawa unaweza kuikataa.

Tulishuka Kakoba, mtaa wa palepale Mbarara, kutafuta chakula. Mtoto alinichomoka mkononi, akaingia barabarani, boda boda ikaja nyuma yake ikipiga honi, dereva akiwa na uhakika kwamba mtoto atasogea. Shangazi alimrukia akamvuta kwa gauni. Sijawahi kumwona mwanamke wa umri ule akiruka vile. Kisha akakaa chini palepale kando ya mtaro, amembana mtoto kifuani, akilia kwa sauti mpaka wauza ndizi wakaja kumtazama. Mtoto hajaumia, nikamwambia, inuka tule. Hakuinuka haraka.

Mwaka uliofuata nikapata mimba ya pili. Ikaja malaria, kama inavyokuja kwa kila mtu Nakivale mvua zikianza. Nilipewa vidonge kituo cha afya, nikavificha chini ya godoro. Nilitetemeka siku sita. Nilikuwa naona dari ikishuka. Shangazi alikaa kando yangu akinifuta kwa kitambaa chenye maji, akaviona vile vidonge alipotandika upya.

"Meza," alisema.

"Havitamharibu huyu kama vilivyomharibu yule."

"Meza, mwana. Haitabadilisha kitu."

Nilidhani ni mzee amekata tamaa. Sikumeza. Siku ya saba mume wangu alinibeba hadi kituo, wakanitundikia maji yenye dawa nikiwa sina fahamu, na ninaambiwa muuguzi alimtukana mume wangu kwa lugha tatu. Nilikuwa tayari kufa ili mtoto wangu asikie. Na pale kando ya kitanda alikuwa ameketi mtu aliyejua kwamba ninakufa bure.

Mtoto wa pili alizaliwa mwanzoni mwa mwaka elfu mbili na kumi na nne. Mvulana, mzito, mwenye sauti ya kutosha kanisa zima. Safari hii sikumsubiri shangazi. Alipofikisha miezi miwili nilichukua ile sufuria mwenyewe, nikasimama nyuma ya kichwa chake, nikagonga. Nikagonga tena. Niligonga mpaka mwiko ukavunjika, na yeye alikuwa ananyonya ngumi yake kwa raha zake.

Miezi michache baadaye baba alifika. Walituletea habari kwamba yuko Kabazana, pale wanapoandikishwa wageni kabla ya kupewa viwanja. Mume wangu alikuwa shambani. Nilimbeba mdogo mgongoni, nikamshika binti mkono. Shangazi alisema mguu unamuuma. Kaka yake, hajamwona tangu vita, na mguu unamuuma.

Nilimkuta baba ameketi nje ya banda la turubai na sahani ya posho, ugali wa huku, mapajani. Alikuwa amekonda, nywele zote nyeupe. Tulilia, tukamaliza kulia. Nikamwambia habari za watoto moja kwa moja, nione atakavyogeuza uso. Hakugeuza. Alichuchumaa mbele ya binti yangu, akamtazama vizuri, akagonga kiwiko chake mara mbili na kugusa kidevu.

Binti yangu akafungua mfuko wangu akamtolea chupa ya maziwa.

"Baba," nikasema. "Hiyo umeijulia wapi?"

"Hii?" Alikuwa anacheka na machozi yakimtoka. "Hii ni ya mudogo wetu. Ye mwenyewe njo aliitunga. Ng'ombe moya ilimupiga teke ku kiwiko wakati anakama, basi tangu ile siku maziwa ikakuwa kiwiko." Kisha akaona uso wangu. "Shangazi yako hakukuambia? Alizaliwa hasikii. Njo alikuwa anachunga ng'ombe zetu zote. Alikufa na homa mu njira, mwaka ile ya vita. Shangazi yako njo alimuzika, alinitumia habari na batu ba kanisa."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kamwe. Alisema nilikuwa mtoto, na marehemu hawasumbuliwi. Ndivyo tulivyo. Tunaweza kutaja ng'ombe mmoja mmoja, rangi yake, pembe zake, mama yake, vizazi vitano nyuma, lakini mtu wa damu yetu akiwa na kasoro tunamzika mara mbili.

Nilirudi nyumbani nimechemka. Shangazi alikuwa anachagua maharage kwenye ungo, yale meupe peke yake, yale ya madoa peke yake. Nilisimama mbele yake nikagonga kiwiko mara mbili, nikagusa kidevu. Ungo ukatulia. Nilimwambia nimekaribia kufa kwa sababu yake. Nilimwambia amemtukana mama yangu kaburini, mama yangu ambaye ndiye alikuwa dume la jirani, ndiye aliyeleta damu mpya katika zizi letu, na kama wangemwacha binti yake aolewe nje, watoto hawa wangesikia hata mvua. Nilisema na mengine ambayo hayafai kuandikwa. Hakukana. Alisema tu, "Tutarudi kwa munganga. Mi mwenyewe nitasema."

Tulirudi mwaka uliofuata, tulipopata nafasi. Daktari yuleyule, ameanza kuvaa miwani. Alitoa karatasi aliyochorea ukoo wetu safari ya kwanza, mistari na viduara, akamwangalia mvulana mgongoni mwangu, wala hakuuliza. Kabla hajafungua kinywa, shangazi alisema, "Alikuwako."

"Nani, mama?"

"Ndugu yangu mudogo. Hakusikia tangu tumbo."

Daktari alichora kiduara akakipaka wino wote. Kisha akauliza kama wanavyouliza kwa kila mtu kwenye karatasi zile, bila ubaya wowote, "Na sasa yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote ile hakuwa anaogopa swali la kwanza. Alikuwa anaogopa la pili.

Shangazi alitazama sakafu. "Ilikuwa asubui, tunakama. Risasi zikatoka ku kilima, fasi ya juu. Ye alikuwa chini, karibu ya muto, na ng'ombe. Alikuwa ametupa mugongo. Huyu," akamwonyesha mume wangu, "nilikuwa nimemubeba. Kuita haisaidie. Niliinua mikono, nikapunga. Nikapunga, nikapunga. Nikasema sasa atageuka. Batu bote banakimbia, na mi ninapunga tu. Hakugeuka." Akaushika mfuko wake wa Biblia. "Basi, nikakimbia. Hakuna mutu nilizika."

Mume wangu alikuwa hajui. Ya siku ile yeye alikumbuka mgongo wa mama yake tu, na harufu ya kitenge. Alisimama akaenda dirishani. Daktari alivua miwani, kisha akatueleza polepole kile ambacho angetueleza miaka mitatu nyuma: mimi na mume wangu tumebeba neno lilelile lililoharibika, mimi kutoka kwa baba, yeye kutoka kwa mama yake, na kila mimba bahati mbaya ni moja kati ya nne, kila mara upya. Dawa haihusiki. Dhambi haihusiki. Alitutajia shule ya watoto wasiosikia. Nikamuuliza kama mama yangu anahusika. Akasema, "Hapana. Upande wa mama yako uko safi." Nilimwomba aseme tena, kwa sauti, shangazi akisikia.

Baba yangu sijamwambia. Bado anaamini kuna kaburi mahali fulani njiani, na mara nyingine huuliza kama udongo wake ulikuwa mzuri. Shangazi hunitazama, nami nasema ulikuwa mzuri. Kwa hiyo na mimi sasa nina sentensi yangu ninayoificha. Nimeirithi vizuri tu.

Sijamsamehe. Watu wa kanisa wanasema nimsamehe, na wao hawajui hata kosa ni lipi. Siku ile tuliporudi kutoka Mbarara tulishuka barabarani, tukashika njia ya kwenda nyumbani katikati ya mahindi, binti yangu ametangulia mbele peke yake. Sikutaka kutembea na shangazi, nikabaki nyuma. Nilimtazama mtoto anavyokwenda, kimgongo chake kidogo ndani ya sweta ya kijani, na nilianza kuhesabu bila kutaka. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akageuka. Shangazi alikuwa ameshainua mikono yote miwili.